Amana za Pishani

Waliokwenda Pishani kabla yangu walirudi wakisifu usafi wake, na siwezi kuwaita waongo. Nimepita katika barabara za mji ule nikitafuta walau ganda moja la chungwa nisilione. Kuta zimepakwa chokaa, vizingiti vinang'aa, na juu ya kila mlango kuna kibao cha bluu kilichoandikwa "Nyumba Safi". Jambo ambalo wasafiri hao hawakulisema, pengine kwa sababu walilala katika nyumba za wageni, ni kwamba katika nchi ile hakuna mtu anayekaa akatulia.

Mimi nililala nyumbani kwa watu. Kazi yangu ni kushona mapazia, na watu wa Pishani wanapenda mapazia mazito kuliko wateja wote niliopata kuwashonea. Bibi mmoja aitwaye Mwanakheri aliniita nimshonee ya nyumba nzima. Kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa, alinipa chumba cha uani nikae kwake mpaka nimalize.

Asubuhi yangu ya kwanza niliamshwa na mlango uliogongwa kama vile nyumba inaungua moto. Nilitoka chumbani nikamkuta Mwanakheri anakimbilia mlangoni huku anafunga kanga. Nje alisimama mama mmoja mwembamba, amenyooka kama mwiko, uso umekunjwa. Huyo alikuwa Bi Kije, jirani wa upande wa kushoto. Mikononi alikuwa na furushi lenye ukubwa wa mto wa kulalia, limefungwa kwa plastiki mpya inayometa na utepe wa kijani.

"Amana, jirani," alisema.

"Imepokewa, jirani," alijibu Mwanakheri, na kabla hajamaliza neno la mwisho Bi Kije alikuwa keshaondoka.

Mume wa Mwanakheri, Bwana Hatibu, alikuwa tayari amevaa viatu. Alichukua furushi jingine lililokuwa limewekwa kando ya mlango tangu jana yake, akatoka nalo mbio kwenda nyumba ya kulia, kwa Mzee Ngwali. Nilisikia kule maneno yaleyale: amana, jirani, imepokewa, jirani. Kisha mlango wa Mzee Ngwali ukafungwa, ukafunguliwa, na miguu yake ikasikika ikielekea nyumba inayofuata. Mtaa mzima ulikuwa unakimbia.

"Ndani mna nini?" nilimuuliza mwenyeji wangu.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya nguo yake ya ndani. "Taka," alininong'oneza.

Siku zile za mwanzo nilielezwa mambo kwa vipande, maana hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunieleza yote kwa mara moja. Nchi ile ina sheria inayoitwa Sheria ya Mkono wa Kulia. Kwa mujibu wake, ni marufuku kwa nyumba yoyote kuwa na taka zake. Unachomenya, unachovunja na unachomwaga lazima kikabidhiwe kwa jirani wa kulia. Ulichokabidhiwa na jirani wa kushoto si taka zako, ni amana, na kukaa na amana ndani si aibu hata kidogo. Unaiongezea vya kwako, unaifunga upya, unaipeleka mbele. Kuifunga kwa plastiki ileile uliyoipokea nayo ni kumtukana jirani, kwa hiyo kila nyumba huongeza plastiki mpya na utepe mpya juu ya ule wa jana. Furushi likishindwa kubebeka, hugawanywa yakawa mawili, na la pili nalo hupewa saa yake ya kupelekwa.

Mwanakheri aliniambia kwamba bibi yake alikuwa akipokea amana moja tu kwa siku. Wakati nilipofika mimi zilikuwa zinakuja alfajiri, zikaja adhuhuri, zikaja tena jua likielekea kuzama, na palikuwa na minong'ono kwamba serikali inafikiria kuongeza saa nyingine.

Kila baada ya siku chache alikuja mkaguzi. Jina lake Bwana Sharwani, mtu mpole, mwenye glavu nyeupe. Alisimama sebuleni katikati ya mafurushi yaliyopangwa mpaka karibu na dari.

"Hizi taka za nani?" aliuliza.

"Za jirani, Bwana Mkaguzi," alijibu Hatibu.

"Na zenu?"

"Sisi hatuna."

"Hongereni." Akapangusa kile kibao cha bluu kwa kidole, akaaga. Lakini niliona kwamba wakati wote alikuwa ametega sikio barabarani. Baadaye nikaambiwa kwamba nyumba yake iko mtaa wa pili, naye pia anapokea.

Madirisha hayafunguliwi Pishani. Harufu ikitoka nje itakushitaki, na kwa hiyo mbao za madirisha hupigwa rangi juu ya rangi mpaka zikagandana na fremu. Hapo ndipo mapazia mazito yalipopatia soko. Ndani watu huchoma udi asubuhi na jioni, na katikati hunyunyiza marashi. Binti wa Mwanakheri, Raya, mtoto ambaye meno ya utotoni ndiyo kwanza yalikuwa yanamng'oka, alikuwa anakohoa. Daktari aliitwa. Alimpima kifua, akatazama yale mafurushi, akatazama chetezo, kisha akashauri kwa uzito kwamba wabadilishe marashi ya waridi watumie ya yasmini.

Katika nyumba ile sikuona watu wamekaa kula. Hatibu alikula amesimama karibu na mlango, sahani mkononi. Mwanakheri alikula jikoni akifunga utepe. Raya aliuliza maswali yake kwa migongo ya watu. Siku moja alimuuliza baba yake kama samaki hulala. "Nitakwambia," alijibu Hatibu, akatoka na furushi, na aliporudi alichukua jingine. Yule mtoto akaja kuniuliza mimi. Nilikuwa namjibu, na katikati ya jibu nikajikuta nimenyamaza nasikiliza kama mlango unagongwa. Mshono wangu wa siku ile ulikwenda kombo kwa urefu wa shubiri nzima. Nilifumua nikashona tena, ukaenda kombo vilevile.

Nilihudhuria pia kikao kimoja cha Baraza la Mji. Hoja iliyokuwa mezani ilikuwa kama amana ifungwe kwa utepe au kwa kamba. Wajumbe wa utepe walisema kamba ni dalili ya kutomheshimu jirani. Wajumbe wa kamba walisema utepe unateleza. Ukumbi ulikuwa umefungwa madirisha yote, na mjumbe mmoja mnene alizimia kwa joto akiwa anachangia. Alibebwa akapelekwa chumba cha upande wa kulia. Mjadala uliendelea.

Jambo lenyewe ninalotaka kulisimulia lilitokea asubuhi moja baada ya amana ya alfajiri. Raya alianza kukohoa chumbani, na safari hii hakuacha. Mwanakheri alimkimbilia, lakini ushoroba ulikuwa umejaa mafurushi, ikambidi ayapande. Yakaporomoka. Moja likampiga begani, likaanguka sakafuni, likapasuka.

Kufungua amana ya mtu ukaona kilichomo ni fedheha kubwa kule. Hata hivyo yeye hakuwa na wakati wa kuona haya. Aliruka akamfikia mtoto, akamkalisha, akampigapiga mgongo mpaka kifua kikalegea kidogo. Kisha akarudi ushorobani, akapiga magoti ili aikusanye ile amana aifunge upya. Nilikwenda kumsaidia. Ilikuwa plastiki ndani ya plastiki, utepe ndani ya utepe, rangi zote. Tulitoa tabaka baada ya tabaka, na nikadhani hatutakuta kitu humo. Katikati kabisa tulikuta konzi moja ya vitu vyeusi, vilaini, vyenye harufu ya udongo ulionyeshewa. Ndani yake mlikuwa na kiatu cha mtoto mchanga.

Mwanakheri alikichukua akakigeuza.

"Dada Salha," aliniambia, "kiatu hiki ni cha Raya."

"Pengine kinafanana tu."

"Kamba ilikatika nikaishona mwenyewe kwa uzi mwekundu, kwa sababu mweusi ulikuwa umeniishia. Ona." Aliugusa ule uzi kwa kidole. "Nilikitoa hapa mtoto alipoanza kutembea. Nikampa Mzee Ngwali kwa mkono wangu huu. Kimezunguka mji mzima. Kimerudi kwangu na Bi Kije ananiambia amana, nami namwambia imepokewa."

Alikaa sakafuni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa. Raya akaanza kukohoa tena, na hapo mama yake aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na mchi. Alilishika pazia nililolitundika jana yake, ambalo lilikuwa limenigharimu siku mbili za kukaza macho, akalivuta likaja na fimbo yake. Akaupiga mchi kwenye mbao za dirisha. Rangi ikapasuka. Akapiga tena, na tena, mpaka mbao zikafunguka kwa kelele kama za mnyama, na mwanga ukaingia mahali ambapo haukuwa umeingia tangu nyumba ilipojengwa.

Upepo ulioingia haukuwa na ajabu yoyote. Ulikuwa upepo wa asubuhi tu, wenye baridi kidogo. Raya aliweka kidevu juu ya fremu akauvuta. Hakupona pale pale, lakini vikohozi vilianza kuachana, na kila kimoja kilikuja kidogo kuliko kilichotangulia.

Kisha Mwanakheri akatoka uani kuchimba. Pishani hakuna majembe, kwa hiyo alitumia mfuniko wa sufuria, nami nikamsaidia kwa mwiko wa ugali. Ndivyo alivyotukuta Hatibu.

"Mnafanya nini?"

"Tunazika," alisema mkewe.

"Nani kafa?"

"Maganda ya ndizi."

Hatibu alitazama shimo, akatazama dirisha lililovunjwa, akanitazama mimi kama kwamba ndimi niliyeuleta ugonjwa huu kutoka nchi yangu. "Mwanakheri, Mzee Ngwali anangoja mlangoni kwake. Saa imepita."

"Leo hatapata kitu."

"Atafikiri tumekasirika naye."

"Mwambie hatujakasirika. Mwambie nina maganda yangu na nimeamua kukaa nayo."

"Siwezi kumwambia mtu maneno hayo," alisema Hatibu. Alichukua furushi moja, akafika nalo mlangoni, akasimama. Alisimama hapo muda mrefu, mguu mmoja ndani, mwingine nje, jasho linamtoka, mpaka huruma ikanishika. Mwishowe aliliweka chini, lakini mikono yake ilibaki imekunjwa vilevile kama bado imelibeba.

Shitaka lilisomwa katika Baraza juma lile lile. Liliitwa kuhodhi taka. Wajumbe kadhaa walitaka familia ifukuzwe nchini. Hatibu alikuwa amekaa karibu nami na goti lake lilikuwa linacheza. Mwanakheri alisimama mbele akiwa amemshika Raya mkono.

Mwenyekiti alimpa nafasi Mzee Ngwali kwanza, kama mlalamikaji. Alikuwa mzee mfupi, mwenye kofia ya kudariziwa kwa mkono iliyotunzwa vizuri.

"Waheshimiwa," alianza, "asubuhi ile nilifungua mlango kama kawaida. Hakuja mtu. Nikasema labda amechelewa. Nikangoja. Nilijiuliza nimewakosea nini watu hawa. Mke wangu Somoe akaniambia, kaa basi unywe chai. Nikakaa." Akavua kofia. "Chai ilikuwa ya moto. Sikuwa nikijua kwamba ananipikia chai ya moto, mimi huikuta imepoa. Nikamtazama. Ana mvi, waheshimiwa. Kichwa kizima. Sijui zimeanza lini."

"Mzee Ngwali," alisema Mwenyekiti, "unalalamika au unamtetea?"

"Sijui, Mheshimiwa. Nilikuja kulalamika."

Aliketi, na Mwanakheri akaambiwa ajitetee. Hakuwa msemaji. "Mimi sikusema kwamba ni msafi," alisema. "Nakula, kwa hiyo namenya. Nina mtoto, kwa hiyo vitu vinavunjika. Taka ni zangu. Nikizipeleka kwa Mzee Ngwali hazipungui, zinaongezeka plastiki. Maganda nimeyafukia, na hayakunisumbua. Na hiki ndicho nilichokikuta katika amana iliyotoka kwa jirani." Akakiinua kile kiatu.

Nilidhani watacheka. Hawakucheka. Mjumbe mmoja wa sheria alisema kwamba ikiwa kiatu ni cha mshitakiwa, basi amekuwa akimiliki taka kwa siri miaka yote hiyo hata zilipokuwa kwa wengine, na kosa ni kubwa zaidi. Mwingine akamjibu kwamba kwa hoja hiyo kila mtu ukumbini anamiliki kitu ndani ya nyumba ya kila mtu. Wakatazamana. Niliona hofu ikipita kwenye viti, kutoka kiti hadi kiti, kuelekea kulia. Mjumbe mzee kuliko wote, ambaye hakuwa amezungumza, alipiga kelele, "Kifungeni kiatu hicho! Kuna watoto hapa."

Hukumu ilitoka jioni. Hawatafukuzwa. Lakini asiyepokea wala kupeleka hana jirani, na kwa hiyo hakuna aliye na wajibu wa kubisha hodi kwake wala kumsalimu njiani. Kibao cha bluu kitaondolewa na kuwekwa cha kahawia, kilichoandikwa "Nyumba Chafu". Amana za Bi Kije zitaruka nyumba ile ziende moja kwa moja kwa Mzee Ngwali.

Bwana Sharwani ndiye aliyekuja kupigilia kile kibao kipya. Alipomaliza hakuondoka. Aligeuza nyundo mkononi.

"Lile shimo," alimuuliza Mwanakheri kwa sauti ya chini, "linanuka nini?"

"Udongo."

"Udongo tu?"

"Nenda ukanuse."

Alitupia jicho barabarani, akaenda uani. Alichuchumaa hapo kwa muda na glavu zake nyeupe. Kisha akaondoka bila kuaga.

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile nyumba ilijaa furaha, lakini haikuwa hivyo. Alfajiri ilipofika Hatibu aliamka, akavaa viatu, akasimama mlangoni. Hakuwa na cha kubeba. Aliizunguka nyumba, akaingia, akatoka, akaizunguka tena. Tulimsikia akifanya hivyo kila siku. Mwanakheri alimpa kazi ndogondogo kama anavyopewa mtu aliyetoka kuugua: kumwaga maji yaliyooshea mchele kwenye michicha iliyoanza kuota kando ya shimo, kusuka kikapu cha kwendea sokoni ili wasirudi tena na plastiki, kufungua madirisha yaliyobaki, moja baada ya jingine. Hilo la madirisha alilipenda. Alikwangua rangi taratibu kwa kisu, akiimba chinichini, na nadhani alikuwa anasahau miguu yake kwa kitambo.

Yale mafurushi ya sebuleni tuliyafungua sote. Mengi yalikuwa plastiki na utepe, yaani hewa iliyofungwa. Maganda tuliyafukia. Chupa tuliziosha, zikapangwa jikoni zitumike tena. Utepe Raya aliusuka mkeka, mrefu, wa rangi za kupigana, na siku mkeka ulipofika kwenye upana wa kukalia watu wanne tuliutandika chini ya dirisha, tukala hapo.

Kwa upande wangu, sikufurahi sana. Mwenyeji wangu aliniomba niyapasue mapazia mazito niyageuze mepesi, na kitambaa kilichobaki nikakishona mifuko ya sokoni. Wateja niliokuwa nimeahidiwa katika mtaa ule waliniona naingia katika nyumba yenye kibao cha kahawia, wakafuta oda zao. Nililalamika. Mwanakheri alinisikiliza mpaka mwisho, na hakujitetea.

Kilichomuuma yeye ni kutosalimiwa. Siku moja nilimkuta kwenye beseni la nguo, mikono ndani ya maji, analia.

"Raya amelala usiku mzima," aliniambia. "Jana na juzi pia. Nasikiliza kifua chake hakina filimbi. Ningefanya tena, dada Salha, usidhani najuta. Lakini leo nimemkuta mama yule wa duka, amenipita kama nguzo. Watoto wakija kucheza na Raya wanaitwa ndani. Nimemponya mwanangu kifua nikamkosesha watu."

Nilikamua nguo.

Mabadiliko yalipoanza hayakuanza kwa mtu kushawishika. Yalianza kwa miguu. Bi Kije sasa alilazimika kuipita nyumba yetu na kwenda hadi kwa Mzee Ngwali, alfajiri, adhuhuri na jioni. Kisha Mzee Ngwali akaenda ofisini kwa Bwana Sharwani akaomba apewe kibao cha kahawia. Sharwani alimwambia hakuna utaratibu wa mtu kuomba kuwa mchafu. Mzee akamjibu kwamba yeye na Somoe wamezoea chai ya moto na hawawezi tena kurudi nyuma. Alikaa ofisini mpaka akapewa. Bi Kije ikabidi aziruke nyumba mbili. Mama aliyekuwa anafuata baada ya Mzee Ngwali alichoka kuletewa furushi na mtu anayehema, naye akachimba shimo. Kufikia wakati ninashona pazia la mwisho, Bi Kije alikuwa anabeba amana zake mpaka mwisho wa mtaa, na tulimwona kila siku akipita mbele ya dirisha letu, amenyooka, haangalii kulia wala kushoto, furushi limemzidi kifua. Mwanakheri alimsalimu kila alipopita. Hakujibu hata mara moja.

Mchana mmoja tulikuwa tunakula. Mchicha wa uani, wali, na dagaa. Hatibu alikuwa ameanza kumweleza Raya jambo fulani kuhusu samaki, na alikuwa ameinuka mara moja tu tangu tulipokaa. Mlango ukagongwa.

Haukugongwa kama zamani. Uligongwa kwa vidole, pole pole, kama na mtu asiye na hakika kwamba ni mlango wenyewe. Sote tuliruka. Hatibu alifika wa kwanza, akafungua, na kwa mazoea akanyoosha mikono miwili mbele kupokea.

Alikuwa Bi Kije, na mikononi hakuwa na kitu. Nilimwona anavyohangaika nayo: aliiweka nyuma, akaileta mbele, akaishika kanga, akaiachia. Alitazama mikono ya Hatibu iliyonyooshwa, naye Hatibu akaitazama, akaishusha.

"Hakuna amana," alisema Bi Kije.

"Hakuna," alikubali Hatibu.

"Nimechimba jana. Udongo wa kwangu ni mgumu." Uso wake uliokunjwa ulikuwa umeingiwa na wasiwasi wa mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Basi leo asubuhi niliamka nikawa sina safari. Nikakaa. Nikainuka. Nikakaa tena. Nimekuja tu."

Katika nchi ile hakuna mtu aliyewahi kwenda kwa jirani namna hiyo, na hawana hata salamu yake. Mwanakheri alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, mchicha bado mdomoni. Alimeza.

"Pita ndani, Bi Kije," alisema.

Mama yule aliingia. Alivua viatu, akaketi ukingoni mwa mkeka, mgongo umenyooka, upande wa karibu na mlango. Raya alikwenda jikoni akamletea sahani. Upepo ulikuwa unaingia. Kila mmoja wetu alisikiliza barabara, na barabara ilikuwa kimya.

"Sasa," alisema Bi Kije hatimaye, akiitazama sahani yake, "watu wakikaa hivi, huwa wanazungumza nini?"

Mwanakheri alifikiri.

"Hata sisi bado hatujajua," alisema. "Kula kwanza."